Pete ya Sponji Mgongoni mwa Mwamuzi

Katika nyumba ya fundi makochi, sponji halikuwa na adabu. Liliingia kwenye viatu, likanasa kwenye nywele, na mara nyingine lilielea juu ya chai. Chumba cha mbele kilikuwa karakana. Humo mlikuwa na meza ndefu ya kukatia, kisu kikali kama wembe, chaki, na mashine ya kupigia pini iliyolia tak, tak, tak tangu asubuhi. Mke wa fundi alikaa karibu na dirisha, akishona vitambaa kwa cherehani. Chumba cha pili kilikuwa cha baba yake fundi.

Mzee huyo alikuwa amechezesha mpira kwa miaka thelathini. Mtaa mzima ulimwita Mwamuzi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akisema jambo limesemwa. Lakini mwezi uliopita aliteleza bafuni, mfupa wa paja ukavunjika vipande. Hospitalini walimpasua, wakamtia chuma, kisha wakamrudisha nyumbani.

Daktari aliagiza mambo mawili. Kwanza, mzee asiukanyagie mguu ule kwa wiki tatu, halafu arudi kliniki aanze mazoezi ya kusimama. Pili, wachunge mgongo. Akipata kidonda cha kulala, mazoezi yatasubiri. Na mguu wa mtu mzima ukisubiri sana, husahau kutembea.

Fundi hakutishika hata kidogo. Alikuwa ametengeneza makochi ya harusi, makochi ya ofisi, hata kiti cha daktari wa meno. Atashindwaje kumlaza baba yake mzazi? Alichukua sponji gumu kuliko yote, akalikata duara, akatoboa katikati tundu kubwa kama sahani. Akalivisha ngozi bandia nyeusi, akaivuta ikakaza kama ngozi ya ngoma, akaishona mistari miwili. Ilipokwisha, ile pete iling'aa. Akaiweka kitandani, tundu likakaa sawasawa chini ya mfupa wa mwisho wa mgongo.

"Mfupa haugusi chochote," alimwambia mkewe. "Uko hewani. Sasa kidonda kitatoka wapi, kitashuka na mvua?"

Hakuishia hapo. Kila asubuhi, baada ya kumwogesha baba yake, alimpaka mafuta mgongoni na kumsugua kwa nguvu zake zote. Aliamini damu ni kama mfanyakazi mvivu: usipoikemea haiendi kazini. Kisha alimwinua kichwa juu, ameegemea mito mitatu, asikilize mpira redioni. Mzee akiteleza kuelekea miguuni, fundi alimshika kwapani na kumburura juu. Mchana mara sita, jioni mara nne.

Kila siku alimuuliza baba yake kama pete ni nzuri. Kila siku mzee alijibu neno moja: nzuri.

Mkewe ndiye aliyeshtuka wa kwanza. Yeye hakuingia mzee akiogeshwa, kwa heshima ya mkwe, kwa hiyo mgongo hakuuona. Lakini masikio alikuwa nayo. Siku ya tisa alimwambia mumewe kwamba baba hayuko sawa. Mumewe akamuuliza amejuaje.

"Jana walitoa penalti ya uongo redioni," alisema. "Baba hakumtukana mwamuzi."

Fundi alicheka. Mkewe hakucheka. Aliweka mkasi chini, akajifunga mtandio, akaenda kumwita muuguzi wa mtaa.

Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mkoba mkubwa na hatua za haraka. Aliingia, akanawa mikono, akamsalimia mzee shikamoo, kisha akamwomba ruhusa ya kumtazama mgongo. Mzee akakubali. Mkwe akatoka akafunga mlango. Fundi alibaki, mikono kiunoni, akingoja kusifiwa.

Muuguzi aliitazama ile pete. Wakamgeuza mzee kiubavu, mto ukiwa katikati ya magoti ili mguu wenye chuma usijipinde. Fundi aliinama, akautazama mgongo wa baba yake kwa fahari.

"Unaona, dada? Safi. Hakuna wekundu wowote."

"Fungua pazia kwanza, kaka."

Mwanga ukaingia. Muuguzi akamwambia kwamba watu wengi hungoja wekundu, na ngozi nyeusi huenda isiuoneshe kabisa. Ngozi nyeusi husema kwa njia nyingine. Inakuwa nyeusi zaidi pale mahali, au ya zambarau. Inakuwa na joto au baridi kuliko jirani zake. Inakuwa ngumu, au inabonyea kama tunda lililoiva mno. Inauma. Akapitisha mgongo wa mkono wake polepole juu ya kiuno cha mzee, akasimama mahali pamoja. Akamwita fundi aguse.

Fundi akagusa. Palikuwa na doa lenye ukubwa wa kifuniko cha chupa. Lilikuwa jeusi kuliko ngozi ya pembeni, lenye joto, na gumu kidogo. Asubuhi ile ile alikuwa amelisugua bila kuliona.

"Baba, hapa panauma?" muuguzi aliuliza.

"Panauma."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya nne."

"Baba!" fundi alisema. "Si kila siku nakuuliza?"

"Uliniuliza kama ni nzuri," mzee alijibu, uso ukielekea ukutani. "Ni nzuri. Mshono kama ule sijapata kuuona. Lakini inauma."

Fundi alikosa pa kuweka macho. Ni afadhali angetukanwa. Muuguzi alibonyeza pembeni mwa doa kwa kidole, akahesabu mpaka tatu, akaachia, akatazama. Halafu akabonyeza doa lenyewe. Akasema ngozi ya pembeni inaitika, yaani inapauka kisha rangi inarudi, lakini doa haliitiki. Bado halijafunguka. Likifunguka ni kidonda, na kliniki ya baada ya siku kumi na mbili waisahau. Hapo mzee aligeuza kichwa. Aliuliza swali moja tu: kama bado kuna muda. Muuguzi akasema upo, ila si wa kuchezea. Kisha akaiondoa ile pete kitandani, akaiegemeza ukutani.

Hilo fundi hakulivumilia.

"Dada, mimi nimekaa na sponji miaka kumi na minane. Tundu halina mgandamizo. Hata mtoto anajua."

"Sponji unalijua, kaka. Nyama hujaijua bado."

"Nieleze basi."

"Nitakuonesha. Nipe kitu cha duara kutoka karakana yako."

Fundi akaleta kile kiduara cha karatasi ngumu kinachobaki utepe wa gundi ukiisha. Muuguzi akamwambia akiweke juu ya mkono wake, sehemu ya ndani, karibu na kiwiko. Akaegemea juu yake kwa kiganja, akahesabu dakika tatu kwa saa yake. Mkewe fundi, ambaye sasa alikuwa ameitwa ndani baada ya mzee kufunikwa shuka, alisimama mlangoni akitazama. Dakika ya kwanza fundi alitabasamu. Ya pili alibadilisha mguu. Ya tatu aliuliza kama hiyo saa inatembea.

Muuguzi akaachia. Mkononi palibaki mfereji wa duara. Nyama iliyokuwa ndani ya tundu ilikuwa imevimba kama andazi, inawasha, na imeingia weusi.

"Katikati hapakuguswa na kitu," muuguzi alisema. "Mbona pamevimba?"

Fundi alijitazama mkono.

"Kwa sababu damu huingia pale katikati ikitokea pembeni, na hutoka ikipitia pembeni. Wewe umezunguka ukuta pande zote. Inayoingia inapungua, na inayotaka kutoka haina mlango. Tundu lako si hewa, kaka. Ni kisiwa kilichokatiwa njia."

Mkewe fundi aliguna mlangoni. Fundi akamwambia kama ana kitambaa cha kushona akashone. Mkewe akajibu kwamba leo darasa ni bure, hatoki.

Muuguzi alikaa pembeni ya kitanda. Alimwambia fundi abonyeze ukucha wa kidole gumba chake, kisha aachie. Ukucha ulipauka, halafu rangi ikarudi. Akamweleza kwamba ile rangi ni damu iliyo ndani ya mishipa midogo sana, myembamba kuliko unywele. Mishipa hiyo imetapakaa mwili mzima, na ndiyo inayolisha kila kipande cha ngozi. Ukibonyeza, unaifunga. Ukiachia, inafunguka.

"Kama bomba la maji," fundi alisema.

"Ingekuwa bomba, kazi yangu ingekuwa rahisi. Bomba halisikii. Mshipa unasikia."

"Unasikia vipi, una masikio?"

"Una utando laini kwa ndani. Damu ikipita inausugua ule utando. Utando unahisi msuguo huo, na unatoa kemikali yake. Ile misuli midogo inayouzunguka mshipa ikiipata habari hiyo, inalegea, na njia inapanuka. Damu ikipungua kasi, njia inajikaza tena. Hivyo mchana kutwa, bila wewe kujua. Sasa hivi mkono wako unasikiaje?"

Fundi aliugusa. Ule mfereji wa duara ulikuwa unapata joto, kama umewekwa karibu na jiko.

"Hayo ndiyo majibu yake," muuguzi alisema. "Mishipa ilibanwa, ikashinda na njaa. Umeiachia, na sasa imefunguka kupita kawaida ili ijilishe. Hata ukiigandamiza kidogo na polepole, mishipa ya ngozi yako hujaribu kupanuka ili damu isikatike. Inajitetea. Lakini wewe ni kijana. Ya baba inahisi kwa uvivu, inachelewa kujibu. Ya mtu mwenye kisukari huchelewa zaidi. Na mgandamizo ukizidi nguvu ya damu, hata mshipa wa mchezaji wa taifa utafungwa."

Mzee alikohoa kitandani. Alisema kwamba, kwa maneno mengine, mishipa yake imefika dakika za nyongeza. Wote wakacheka, hata fundi, ingawa kicheko chake kilikuwa chembamba.

Fundi akauliza kuhusu kusugua, kwa sauti ya chini. Muuguzi akamjibu bila kumficha. Mahali palipoumia, mishipa mingine imeshachanika ndani. Kupasugua kwa nguvu ni kuichana zaidi. Mafuta laini apake pembeni, kwa kiganja chepesi, na doa asiliguse. Ile ngozi bandia nayo iondoke. Inafungia jasho, na ngozi yenye unyevu huchubuka upesi.

"Na kumvuta juu?"

"Hilo nilikuwa nalingoja. Wewe ukigundisha kitambaa juu ya sponji, halafu mtu akakaa na kuteleza, akakaa na kuteleza, nini kinaachia kwanza?"

"Gundi," fundi alijibu mara moja. "Juu unaona kizima. Ndani kimeshaachana."

"Basi ndivyo. Ngozi ya baba imeshikwa na shuka. Mfupa unateleza chini. Katikati yao kuna mishipa, inavutwa na kupindwa mpaka inajifunga. Juu unaona ngozi nzima. Ndani kimeshaachana."

Sasa fundi alikuwa ameelewa, na mtu wa kazi akielewa hahitaji kuhubiriwa. Akaomba aambiwe afanye nini, tena kwa mpangilio, kwa sababu siku ni kumi na mbili.

Muuguzi alisema wamgeuze mzee kila baada ya saa mbili mchana, na usiku kama atakavyowapangia yeye. Wasimlaze ubavu kabisa, maana mfupa wa nyonga nao unabana. Wamwinamishe kidogo tu, mgongo ukiegemea kitu laini, leo kushoto kesho kutwa kulia, hapana, alijisahihisha akicheka, saa hii kushoto saa ile kulia. Mto uwe chini ya vigimbi vya miguu ili visigino visiguse godoro. Kichwa kisiinuliwe juu sana, isipokuwa wakati wa kula. Akihamishwa, wawili wamnyanyue kwa shuka iliyokunjwa, wasimburure. Shuka iwe kavu, isiwe na mikunjo. Ngozi waikague kila siku, kwa mwanga na kwa mgongo wa mkono. Doa likianza kubonyea kama tunda bovu, kutoka malengelenge au kufunguka, wasikae na siri, wamwite siku hiyo hiyo. Na mzee akunje na kukunjua vifundo vya miguu mara kumi kila saa.

"Vifundo vinahusianaje na mgongo?" mzee aliuliza.

"Misuli ya mguu ikikaza, inasukuma damu, baba. Damu ikienda, inausugua ule utando, na mishipa inafunguka. Vigimbi vyako ni pampu. Usiviache vilale na wewe."

Muuguzi alipoondoka, fundi aliingia karakana. Alitoa sponji laini, lile la mito ya kulalia, akapima kwa chaki. Alikata mara ya kwanza, akalala juu ya kipande sakafuni, akainuka akitikisa kichwa. Kimesimama mno. Alikata mara ya pili, akalala tena. Mteja aliyekuja kuulizia viti vyake alimkuta fundi amelala kiubavu chini ya meza, macho yamefumbwa, akauliza kama kuna msiba. Mkewe akamjibu kwamba hapana, kuna kipimo.

Kipande cha tatu kilikuwa kabari ndefu, nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili. Mtu akiiegemea, mwili uliinama kidogo tu, mfupa wa mgongo ukawa huru na nyonga ikawa huru. Fundi akaivisha pamba, na mara hii kitambaa hakukivuta. Alikiacha kilegee. Kwa mtu aliyezoea kukaza kitambaa mpaka kiimbe, hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote.

Alipomwegemeza baba yake, hakuuliza kama ni nzuri.

"Inauma wapi, baba?"

Mzee alifikiri kwa makini, kama anayeamua goli.

"Bega, kidogo."

Fundi akavuta mto kutoka begani. Mzee akashusha pumzi.

Tangu siku hiyo nyumba ilikwenda kwa saa. Cherehani ilisimama, mashine ya pini ilisimama, mume na mke wakashika shuka pande mbili, wakahesabu tatu, wakanyanyua. Mzee, aliyekaa na ratiba maisha yake yote, alitunga mistari miwili na kumwambia mkwewe aiandike ukutani, ili hata mgeni akiingia ajue sheria za uwanja:

*Saa mbili zikipita, nigeuze polepole,*
*Mwili usije kuvuta, ninyanyue kwa upole.*

Siku tatu za kwanza doa halikubadilika. Fundi alilitazama kila asubuhi pazia likiwa wazi. Siku ya tano aliweka mgongo wa mkono, akaona joto limepungua. Siku ya nane ugumu ulikuwa umekwisha. Siku ya kumi muuguzi alikuja, akabonyeza, akahesabu tatu, akaachia. Ngozi ikaitika.

"Jaribu wewe," alimwambia fundi.

Fundi alijaribu mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakuyaamini macho yake. Siku hiyo redio ilipotangaza mpira wa kuotea, mzee alimwita mshika kibendera kipofu na ukoo wake wote. Mkwewe, akiwa kwenye cherehani, alisema alhamdulillahi.

Siku ya kliniki walimpeleka kwa kiti cha magurudumu. Daktari alimtazama mgongo, akaandika mstari mmoja kwenye cheti, akawaelekeza chumba cha mazoezi. Chumba kilikuwa kirefu. Kilikuwa na fito mbili za chuma zilizolazwa sambamba, zimefika usawa wa kiuno. Mtaalamu wa mazoezi, kijana mrefu mwenye sauti ya kocha, alimfunga mzee mkanda kiunoni, akaushika kwa nyuma, akamwambia aweke mikono kwenye fito.

Fundi alisimama ubavuni. Mzee alivuta pumzi, akasukuma. Mgongo ukanyooka, ule mgongo mzima usio na kidonda, na Mwamuzi akawa mrefu tena. Fundi hakujizuia. Alimshika baba yake mkono wa juu, kwa vidole vyote vitano, akikaza kama anavyokaza kitambaa.

Mzee alitazama mbele, mahali fito zinapoishia.

"Toa mkono huo, mwanangu," alisema. "Unanibana."

Fundi aliachia. Mzee akainua mguu.